Mama Hakula Vienna

Chanji, Sumbawanga
17 Septemba 2023

Kwako dada Scola,

Shikamoo dada. Natumaini wewe na shemeji Anyosisye hamjambo huko Ujerumani. Sisi hapa tunasukuma siku. Flavian meno yanamtoka, yeye halali na mimi silali. Ukiona mwandiko umepinda, jua yuko mapajani anaivuta kalamu. Baba yake, Kornel, amekwenda na lori Kaoze kuchukua mpunga wa tajiri wake. Mahindi yetu tumeshapukuchua, yako ndani. Upepo bado unapiga, vumbi mpaka kwenye sufuria. Mama uliyempandisha ndege amefika.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia unaweka spika, shemeji yuko hapo hapo anasikia, na mimi siwezi kusema ninachotaka kusema. Nikikutumia sauti unanijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Barua utaisoma peke yako.

Dada, mama ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Bado jekundu. Nilimwuliza siku ile ile aliyofika, namvua sweta. Akasema, "Acha, ni safari." Nikamwambia safari haina kucha. Akaomba maji ya kunywa, mazungumzo yakaishia hapo.

Na amekonda. Sketi yake ya bluu anaifunga kwa pini. Mtu amekwenda kupumzika kwa binti yake wa kwanza, anarudi sketi inamvuka?

Nikimwuliza habari za Vienna, mji mliompeleka kutembea, anasema, "Kuzuri." Kuzuri vipi mama? "Kuna majumba." Basi. Mama huyu huyu akishuka ziwani Kipili kununua samaki wa migebuka anarudi na hadithi za wiki nzima, nani alimkanyaga, nani alimpunja, nani alimtongoza uzeeni. Amevuka bahari kwa ndege, anarudi na neno moja.

Kulitokea nini huko? Nakuuliza kwa sababu ulimchukua mzima.

Nijibu.

Mdogo wako,
Bertilla


Ulm, Ujerumani
22 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Bertilla,

Marahaba. Nimecheka kupokea bahasha yenye stempu ya nyumbani, nilidhani mambo hayo yamekwisha duniani. Sisi ni wazima. Baridi imeanza kuuma. Katika ile nyumba ya wazee ninayofanyia kazi watu hatutoshi, napiga zamu juu ya zamu. Anyosisye anawasalimu wote. Flavian mpe kipande cha karoti ya baridi atafune, atatulia.

Kuhusu mama, ondoa wasiwasi. Alijigonga kwenye mlango wa bafu pale hotelini. Wazee hujigongagonga, mimi nashinda nao kila siku, nawajua. Kukonda ni kwa sababu alitembea, na kwa mtu mwenye sukari kutembea ni dawa.

Usidhani nilimfungia ndani. Nilitaka aone kila kitu. Nilimchukulia kadi ya matembezi ya jiji. Nikueleze ilivyo: kila mtu anakuwa na kadi yake. Ukiigusisha kwenye mashine mara ya kwanza, saa zinaanza kuhesabiwa, na kwa siku tatu unaingia karibu kila mahali. Basi la ghorofa lisilo na paa, jumba la wafalme, makumbusho, mashua ya mtoni, gurudumu kubwa lenye vibanda vinavyokupandisha mpaka unaona mji wote. Ila ukilala saa zinakwenda, ukikaa saa zinakwenda. Kwa hiyo tuliamka mapema, tulikazana, na tulimaliza karibu vyote. Nani hapo Chanji ameona vitu vile? Tazama picha nilizoweka kwenye kundi la familia.

Na kuna habari njema. Pasaka tunakwenda Roma, mama, mimi na Anyosisye. Kadi za Roma nimeshazichukua, za siku tatu vile vile. Unajua mama alivyo na hamu ya kuliona kanisa la Mtakatifu Petro. Mwambie aanze kujiandaa.

Dada yako,
Scola


Chanji, Sumbawanga
3 Desemba 2023

Dada Scola,

Shikamoo. Mvua imeshika, tunapanda. Kornel yupo. Flavian amepata meno mawili na ameshayajaribu kwangu. Hizo ndizo salamu, sasa sikiliza.

Umesema nitazame picha. Nimetazama. Kwenye basi la ghorofa, shemeji ana mkate wa soseji, wewe una mkate wa soseji, mama anatazama mgongo wa kiti. Kwenye mashua kuna sahani tatu mezani, mbili zimechafuka, moja safi, na mama amegeukia maji. Hotelini asubuhi ana kikombe cha chai ya rangi, amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Siku tatu nzima hakuna picha hata moja ambayo mama ana kitu mdomoni. Na katika kila picha, aliye mbele yake ni shemeji.

Nikaelewa, dada.

Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikamwekea simu chini ya macho. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa huli."

Akaendelea kupepeta.

"Mama!"

"Ningekula vipi na mkwe yuko mbele yangu macho kwa macho? Unataka nitafune kama mbuzi?"

"Si ungemwambia Scola?"

"Scola hakuzaliwa nyumba hii? Nimwambie nini asichokijua?"

Haya, nitakuandikia kama vile hukijui. Kwetu mama hafungui mdomo mbele ya mkwe wake mpaka mkwe aje mwenyewe kwa miguu yake, na kuku mkononi. Kuku anapikwa, unasongwa ugali wa ulezi, wanakula pamoja siku hiyo, na soni inakwisha. Kornel alileta wake, unakumbuka, ulikuwepo, ulicheka kuku alipomnyea kwenye shati. Leo mama anamnyang'anya Kornel mifupa sahanini. Shemeji Anyosisye hajaleta. Mahari walileta wajomba zake kutoka Mbeya, ninyi mkafunga ndoa Dar es Salaam mkapanda ndege. Miaka minane sasa.

Nyumbani kwenu Ulm mama alijikaza. Shemeji akienda kazini ndipo mama anakula jikoni. Vienna hakuwa na jikoni. Asubuhi unamgongea mlango unampa vidonge vya sukari, anameza. Mezani anasema, "Nimeshiba mwanangu." Unakubali! Kisha mbio mpaka jioni. Usiku anakula karanga alizobeba kutoka huku, na usiku wa pili karanga zikaisha.

Siku ya tatu akaanguka, na hakuanguka bafuni. Aliangukia ngazi za mawe za jumba la wafalme, damu ikamwingia jichoni. Shemeji alikuwa ametangulia ndani kushika foleni, hakuona. Akaja mlinzi mmoja, mama wa watu, akampa juisi ya chungwa. Mama anasema aliimaliza kwa pumzi moja, kwa sababu mkwe hakuwapo. Halafu wewe ukamfuta kwa leso, ukamkalisha kwenye benchi ukamwambia, "Mama pumzika hapa, tunamalizia hapa tu, kadi inakwisha jioni hii." Ukaingia.

Ukaingia, Scola! Ukamwacha na jicho lenye damu, hajui neno la lugha ya watu wale, ukaenda kutazama vitanda vya wafalme waliokufa.

Kazi yako ni kuwalisha wazee. Wazee wa watu unawalisha kwa kijiko.

Na kitu kimoja alichotaka yeye, kimoja, ni kukaa ndani ya kanisa kubwa la Mtakatifu Stefano asali rozari yote mpaka mwisho. Ukamwinua kwenye fumbo la pili. "Mama twende, kukaa kanisani hakumo kwenye kadi."

Roma haendi. Kwanza shemeji aje hapa na kuku wake. Mama sijamwambia habari ya Roma, na sitamwambia.

Bertilla


Ulm
7 Januari 2024

Bertilla,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto wote wa hapo.

Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena kesho yake, maana siku ya kwanza ningekujibu vibaya. Hata leo sina hakika.

Kuku. Unataka mtu apande ndege, kisha basi la siku nzima, kwa ajili ya kuku? Mama ni mtu mzima. Aliniambia ameshiba, nikamwamini. Nilipaswa kumpanua mdomo? Anyosisye ni mtu wa Mbeya, wana mila zao na amezipunguza, wala hajawahi kunisumbua nazo. Tumetoka huko, Bertilla. Huwezi kuishi huku na kila soni ya Ufipa mgongoni.

Wewe unakaa naye kila siku. Unajua anaamkaje, anakohoaje. Mimi ninampata mara moja kwa miaka, na likizo yangu ni ya kuhesabu. Nilitaka siku zile zijae. Nilitaka arudi awaambie wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba binti yake alimwonyesha dunia. Hilo ndilo kosa langu?

La benchi, mama amechanganya. Haikuwa hivyo alivyokuambia.

Na kwa kuwa umeamua kumficha habari zake mwenyewe, nimempigia kwa simu ya jirani yenu mama Suma. Nimemwambia Roma. Alilia kwa furaha. Sasa nenda kamwambie wewe kwamba haendi.

Scola


Chanji
4 Februari 2024

Dada,

Shikamoo, kwa kuwa bado ni dada yangu.

Umeandika kwamba haikuwa hivyo. Hukuandika ilikuwaje. Nimegeuza karatasi nyuma nikidhani umemalizia huko. Kweupe.

Umenipita ukaenda kwa mama Suma. Sawa, umeniweza. Mama ametangaza jumuiya nzima. Watu wanamletea rozari akazibarikishe Roma, ziko kwenye kikapu, mpaka mzee Wilibrodi asiyeonekana kanisani ameleta yake. Mama anaimba tangu asubuhi. Nikimtazama nakosa nguvu ya kukasirika, kisha nakumbuka, inarudi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu leo. Wiki iliyopita naona mama hali mchana. Anasema tumbo limejaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nimetoka bombani namkuta amekaa chini ameegemea mlango, mikono inatetemeka, jasho linamtiririka na baridi hii. Nikamtia sukari mdomoni kwa kidole changu. Alipopata nguvu nikamfokea, dada, nilimfokea mama yangu mpaka Flavian akalia. "Unataka kufa?"

Unajua alisemaje? "Najizoeza, mwanangu. Nikizoea huku kushinda na njaa, huko Roma nitaweza, sitamwaibisha Scola."

Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza neno.

Ukimaliza kusoma hapo, niambie tena habari za siku zilizojaa.

Kliniki wamempima, wamenigombeza mimi. Nimekubali kugombezwa, wewe hukuwapo. Sasa anakula mbele ya macho yangu, tonge kwa tonge, mtoto huku na mama huku. Pasipoti yake nimeichukua. Ninayo mimi. Nichukie ukitaka. Heri unichukie mimi na yeye ale.

Nakupenda. Ndiyo maana nimeandika kurasa zote hizi na mgongo unaniuma.

Bertilla


Ulm
25 Februari 2024

Bertilla,

Anyosisye ameondoka leo kwenda Mbeya, mjomba wake amefariki. Atarudi baada ya matanga. Tiketi za Roma zimeshakatwa. Rudisha pasipoti ya mama. Huna haki.

Vidonge mpe baada ya chakula, siyo kabla.

Scola


Chanji, Sumbawanga
17 Machi 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, maharage ya kwanza tumeanza kula. Flavian amesimama bila kushikwa, akaanguka, akasimama tena. Pole kwa msiba wa mjomba.

Barua hii haipiti posta. Anakuletea aliyeketi hapa sebuleni sasa hivi anamchezesha Flavian. Ndiyo, mume wako. Nilijua hajakuambia. Alisema angekuambia ungemzuia.

Alhamisi mchana nasikia hodi. Natoka, namwona mwanaume amesimama nje ya ua amegeukia barabarani, kwapani ana kifurushi kinapiga kelele. Nikasema huyu ni mwuza kuku kapotea. Akageuka. "Shemeji, mama yupo? Usimwite kwanza. Niambie nisimame wapi."

Dada, nilicheka na machozi yakatoka hapo hapo.

Kule msibani, shangazi yake, anaitwa Atupele, alimwuliza mbele ya watu, "Mkwe wako kule Ufipa ulishamwondolea soni?" Shemeji akamjibu, "Mke wangu alisema mama yake hana mambo hayo." Shangazi akampiga kofi la bega: "Hakuna mama asiyekuwa na mambo hayo! Ulimwuliza mwenyewe?" Kesho yake alfajiri yuko kwenye basi. Kuku alimponyoka Tunduma, basi zima likashuka kumkamata.

Na alileta jogoo. Mama alichungulia dirishani akasema, "Kwetu ni tetea." Kornel akamwambia, "Mama, huyu amevuka mkoa mzima, msamehe jinsia yake." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nikajua imekubalika.

Nilimpika jogoo huyo, mgumu kama tairi. Nikasonga ugali wa ulezi. Kornel akawakalisha mkekani, mmoja huku, mwingine huku. Mama aliinamisha uso kwa muda, nikadhani atashindwa. Kisha akanawa, akamega tonge, akachovya, akala. Shemeji yeye hakumtazama, alitazama sahani yake tu. Wakala. Mama akachukua paja, akalimaliza, akalamba vidole. Mbele ya mkwe wake.

Walipokwisha kula ndipo shemeji akasema, "Mama, kule Vienna niliona huli. Nilimwuliza Scola, siyo mara moja. Nikamwambia labda mimi nikae mbali, ninyi mle kwanza. Akaniambia, mama yangu hana hayo, na tukigawanyika kadi zitaisha hatujaona kitu. Na siku ile ya mwisho aliniambia umebaki nje kwa sababu umependa maua. Lile kovu nililiona jioni, akasema ni mlango. Nisamehe mama."

Mama akamwambia, "Wewe baba hukujua. Mimi na wewe tumeshakula, limekwisha."

Nikafurahi. Nikaenda chumbani nikaileta pasipoti, nikamwekea mapajani. Nikasema, mama, mkwe ametimiza, mimi sina neno tena, nenda Roma. Nilikuwa nimesema kwanza kuku, na kuku amekuja. Nilitaka kutimiza langu.

Aliishika, akaifungua, akaitazama picha yake, akaifunga. Akanirudishia.

"Kaa nayo," akasema.

"Mama, kuku amekuja."

"Mkwe hakujua," akasema. "Scola alijua."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Akanyanyuka kukusanya vyombo, nikamwambia acha mama, akaniambia niache mimi. Ijumaa akapita nyumba kwa nyumba kuwarudishia watu rozari zao. Wakimwuliza, anasema safari imesogezwa.

Dada, mimi nilidhani hasira zote za kadi hii ni zangu. Nimeandika barua kali, nimekutukana kwa adabu na bila adabu, nikadhani namsemea mama asiyejua kukasirika. Kumbe alikuwa nayo tangu Vienna, hata alipokuwa akiimba habari za Roma, ameikalia kimya, anangoja kuona itaondoka na nani. La mkwe limeondoka na mkwe. La kwako limebaki.

Usitume kitu. Sweta, simu, kadi ya mji mwingine, usitume, nitavirudisha. Usimpigie kupitia kwa mama Suma. Zile siku za likizo ulizozitenga kwa Roma, panda ndege uje huku peke yako. Hapa hakuna cha kutazama, unapajua. Utakaa naye uani asubuhi mpaka jioni, umwambie kwa mdomo wako ulipoingia mle ndani ya jumba la wafalme uliona nini kilichomzidi yeye. Atakujibu au hatakujibu. Akikaa kimya siku zote hizo, utakaa naye hivyo hivyo.

Amesema nisikuandikie haya. Nimeandika.

Mdogo wako,
Bertilla